Vali ya moyo ikiota chokaa, ulizeni na habari ya mishipa ya koronari

MpimaEko (mleta uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Kazi yangu ni kupima moyo kwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hapa Dar es Salaam, huu mwaka wa 11. Leo sileti habari za kazini, naleta ya nyumbani. Mjomba wangu, miaka 71, mkulima wa machungwa Muheza, katoka chumba cha upasuaji wiki mbili zilizopita akiwa na vali mpya ya moyo na mishipa miwili iliyopandikizwa. Yuko hai. Lakini alipita pembamba sana, na kilichokaribia kumuua kingeweza kugunduliwa na mtu yeyote mwenye masikio na kile kipimo cha kuning'iniza shingoni.

Mwaka jana mzima alikuwa akibanwa kifua akipanda kwenda shambani. Alikokwenda kwanza walimwandikia dawa za vidonda vya tumbo. Hazikusaidia, wakambadilishia za pumu. Hakuna aliyemsikiliza moyo pale juu, kulia kwa mfupa wa kidari, mahali ambapo mvumo wa vali hii husikika na kupanda hadi shingoni. Alipoulizwa kama anachoka akajibu hachoki. Na kweli hakuwa anachoka, maana alishaacha kupanda. Kazi ya kilimani alimwachia mjukuu, yeye akabaki kibarazani kupanga matenga. Nitalirudia hili huko chini, kwa sababu ndilo linalotudanganya wengi. Mwezi wa nane akainua tenga moja kulipakia kwenye pikapu, akaanguka, akazimia. Ndipo nikapigiwa simu.

Nilimpima mwenyewe. Kwenye eko kalsiamu inang'aa, na vali yake ya aota ilikuwa nyeupe pe. Vile vijipazia vitatu vinavyotakiwa kufunguka na kulala pembeni vilikuwa vinatikisika kidogo tu. Vali hii ndiyo mlango wa kutokea damu kwenda mwili mzima, na hufunguka na kufunga kama mara 100,000 kwa siku. Kwa mtu mzima mwenye afya, ikifunguka inaacha nafasi ya sentimita za mraba 3 hadi 4. Ikishuka chini ya 1, au damu ikipita kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde na zaidi, au tofauti ya wastani ya shinikizo kati ya pande mbili za vali ikifika milimita 40 za zebaki, hapo tunaandika kwamba vali imebana sana. Mjomba alikuwa na 0.7, kasi 4.7, tofauti 54. Nilimaliza kupima nikatoka nje kwanza, sikutaka anione.

Sasa sikilizeni alichofanya daktari wa moyo, maana ndicho kilichonifanya niandike. Hakusema tu abadilishiwe vali. Alisema kabla ya yote tuitazame mishipa ya koronari, yaani mishipa midogo inayoulisha msuli wa moyo wenyewe. Wakampitishia mpira mwembamba kwenye mshipa wa mkono, wakaingiza dawa ya picha. Miwili imebana, mmoja kwa zaidi ya asilimia 80. Lau angefunguliwa kifua kwa ajili ya vali peke yake, msuli wa moyo wake ungebaki na njaa ileile, na kumfungua mara ya pili mzee wa umri huo si jambo la kuombea.

Vali ya aota iliyoota chokaa na mishipa ya koronari iliyobana ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Ukimkuta mmoja nyumbani, uliza mwenzake yuko wapi.

Nieleze huyo baba mmoja. Wanaochemsha maji ya kisima wanaujua ule ukoko mweupe unaogandia ndani ya birika, na wengi wakisikia chokaa kwenye moyo wanafikiria kitu cha namna hiyo. Hata wataalamu kwa muda mrefu walidhani ni uchakavu wa uzee. Mjerumani Mönckeberg aliueleza ugonjwa huu mwaka 1904 na wazo la uchakavu likakaa karibu karne nzima. Sivyo. Ni ugonjwa hai. Ngozi laini ya juu ya vali inaumia, lehemu mbaya (kolesteroli) inapenya chini yake, inaharibika humo ndani, chembe za kinga zinakuja kuila na kuacha uvimbe usiopoa. Baada ya hapo seli za vali yenyewe zinabadilika tabia, zinaanza kufanya kazi ya seli zinazojenga mfupa. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichunguza vali 347 zilizotolewa kwa wagonjwa, na katika asilimia 13 walikuta mfupa hasa, mfupa uliopangika kama wa mguuni. Mimi nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliacha kabisa kusema habari za birika.

Mwanzo huo, wa ngozi kuumia na lehemu kupenya, ndio huohuo wa mishipa ya koronari. Ndiyo maana orodha ya wanaoandamwa inafanana: umri mkubwa, wanaume zaidi, sigara, presha, kisukari, lehemu ya juu, figo mbovu. Na mwaka 1999 huko Marekani yalitoka majibu ya watu zaidi ya 5,600 wa miaka 65 na kuendelea waliopimwa eko. Asilimia 29 vali zao zilikuwa zimekakamaa kidogo tu, hazijaziba kitu. Hata hivyo hatari yao ya kufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ilikuwa juu kwa takriban asilimia 50 kuliko wenye vali laini. Vali ya namna hiyo haiui mtu. Ni shahidi tu, anatuambia kuna jambo linaendelea kwenye mishipa.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua. Dozi simtajii mtu, hiyo ni kazi ya daktari wako.

---

Korosho_Kavu

Pole sana kwa mjomba mkuu, na hongera kwa kumwahi. Mimi nina swali la bi mkubwa wangu. Alipewa vidonge vya kalsiamu kwa ajili ya mifupa. Na hapa kwetu dagaa na maziwa haviishi mezani. Ina maana tunamlisha chokaa ya moyo?

---

MpimaEko

Asante mkuu. Maziwa na dagaa muacheni ale. Kalsiamu haiendi kwenye vali kwa sababu imezidi kwenye sahani. Inakwenda kwa sababu vali imeugua na imeanza kuiita. Vidonge ndiyo habari nyingine kidogo. Kama aliandikiwa na daktari kwa sababu ya mifupa, aendelee, ila siku akipimwa eko akakutwa na chokaa, amwambie daktari kwamba anavimeza ili wapime upya kama anavihitaji. Cha kujinunulia dukani bila kuandikiwa, asimeze.

---

Tabibu_Bara

Uzi mzuri. Mimi ni daktari, nina la kuongeza na la kurekebisha.

La kurekebisha kwanza. "Ukimkuta mmoja uliza mwenzake yuko wapi" nakubali. Ila watu wasije wakasoma wakaelewa kwamba kila mwenye vali iliyobana ana koronari zilizoziba. Kwa wenye vali ya aota iliyobana sana kwa chokaa, takriban nusu ndio wanaokutwa na koronari zilizobana. Nusu nyingine mishipa yao ni safi. Na kuna koronari mbovu nyingi mno zenye vali laini. Kwa hiyo baba si mmoja peke yake.

Na hapa kuna mtego ambao hata sisi unatutega. Kifua kubana hakikuambii ni nani kati ya hao wawili. Vali ikibana, moyo unasukuma kwa nguvu, msuli unanenepa, unataka damu nyingi kuliko mishipa inavyoweza kuleta. Mtu anabanwa kifua sawasawa na mwenye mishipa iliyoziba, na ukimpiga picha mishipa unaikuta safi kabisa. Ndiyo maana kabla ya kubadili vali tunaitazama mishipa kwa macho, hasa kwa mwanaume aliyepita miaka 40 na mwanamke aliyekoma hedhi. Hatubahatishi kwa dalili.

La kuongeza: hapa Afrika Mashariki vali nyingi tunazoziona si za wazee. Ni za watoto na vijana, za homa ya rumatiki, ile inayoanza na koo la bakteria lisilotibiwa. Kwenye utafiti mkubwa wa REMEDY uliojumuisha nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, wagonjwa 3,343, umri wa katikati ulikuwa miaka 28. Vali inayoshikwa zaidi ni ya mitrali, mlango wa kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Nayo huota chokaa baadaye, lakini njia yake ni nyingine: makovu yanagandisha vijipazia pamoja. Lehemu haina kesi pale, na binti wa miaka 25 mwenye mitrali ya namna hiyo koronari zake kwa kawaida ni safi. Tusiwatie hofu mara mbili.

---

MpimaEko

Daktari, nimekuelewa na ninakushukuru. Hilo la nusu nilipaswa kuliandika mwenyewe.

Na la rumatiki ni kweli tupu. Siku nyingi kwenye kiti changu asubuhi nampima binti wa sekondari mwenye mitrali iliyobana, mchana mzee mwenye aota nyeupe. Zamani wa asubuhi walikuwa wengi zaidi. Siku hizi wazee wanaongezeka mbele ya macho yangu, kwa sababu watu wanaishi muda mrefu na presha zao na sukari zao. Kinachonitia uchungu ni kwamba wazee hawa wanafika wamechelewa kama wale mabinti.

---

Wa_Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Mamangu ana miaka 58, yuko kwenye kusafisha damu mara mbili kwa wiki sababu ya figo, mwaka wa nne. Juzi eko imeandika ana chokaa kwenye aota na pia kwenye pete ya vali ya mitrali. Daktari wa figo amesema tutaangalia. Mimi sijalala tangu siku hiyo. Miaka 58 si uzee.

---

MpimaEko

Pole sana ndugu yangu. Si uzee, na si wewe wala yeye aliyekosea kula. Figo zikishindwa, fosfeti inapanda, mizani ya kalsiamu inavurugika, na vali na mishipa vyote vinaota chokaa mapema na kwa kasi kuliko kwa mtu mwingine. Ni jambo linalojulikana vizuri kwa walio kwenye mashine.

Ile pete ya mitrali nayo ni shahidi. Kule Framingham, Massachusetts, mji ambao wakazi wake wamekuwa wakifuatiliwa tangu 1948, ilionekana kwamba wenye chokaa kwenye pete hiyo walipata kiharusi mara mbili ya wasio nayo. Sikuambii ili usilale tena. Nakuambia ili mkienda kliniki muulize mambo matatu: fosfeti yake iko wapi, vali ya aota imebana kiasi gani kwa namba, na je kuna haja ya kutazama koronari. Daktari wa figo na wa moyo wasikie habari moja, msiachwe mkibeba karatasi kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

---

Dereva_wa_Roli

Kuna jamaa wanauza mchanganyiko wa limau, tangawizi na kitunguu saumu wanasema unayeyusha chokaa kwenye mishipa na milango ya moyo. Baba alitumia miezi sita akaacha na dawa za presha. Je inayeyusha kweli?

---

MpimaEko

Hapana kaka. Hakuna kinywaji kinachoyeyusha. Na tafadhali, leo hii mrudishe kwenye dawa za presha kupitia daktari wake. Nguvu anayotumia moyo kusukuma dhidi ya mlango mbovu inatosha, usiuongezee na mzigo wa presha. Kitunguu saumu kwenye mchuzi ale apendavyo.

Nikuambie jambo la kuhuzunisha zaidi: hata dawa za hospitali hazijaweza kuizuia. Statini zinashusha lehemu na zinalinda koronari, hilo limethibitika kwa watu wengi sana. Basi watu wakasema, kama ugonjwa ni wa baba mmoja, statini itaokoa na vali. Wakajaribu. Mwaka 2005 Uskoti, atorvastatini miligramu 80, wagonjwa 155: vali ziliendelea kubana vilevile. Mwaka 2008 wakajaribu simvastatini pamoja na ezetimibe kwa wagonjwa 1,873: vali vilevile. Mwaka 2010 Kanada, rosuvastatini: vilevile. Ila kwenye ule wa 2008 matukio yanayotokana na mishipa kuziba yalipungua, hasa idadi ya waliohitaji kupandikizwa mishipa.

Hapo ndipo mama mbalimbali wanapoonekana. Kwenye koronari hatari kubwa ni utando wa mafuta kupasuka na damu kuganda juu yake ghafla. Statini inautuliza ule utando usipasuke. Vali haipasuki. Ikishaanza kujenga mfupa, inajilisha yenyewe, kila ikikakamaa inasuguliwa zaidi na damu, ikisuguliwa inajenga zaidi. Kushusha lehemu wakati huo ni kama kufunga bomba shina limeshakuwa mti. Kwa hiyo mtu akisema "nimepewa statini ya vali," mrekebisheni taratibu: ni ya mishipa, na aimeze kwa ajili hiyo.

---

BintiKilwa

Dada au kaka MpimaEko, mimi sina lehemu ya juu, sivuti, sina sukari, na baba yangu vali ilibana akiwa na miaka 50 tu. Huyo baba mmoja kwetu aliingiaje?

---

MpimaEko

Dada, ni dada mwenzio.

Kuna njia mbili nazozijua. Ya kwanza, kuzaliwa na vijipazia viwili badala ya vitatu. Mtu mmoja au wawili katika kila 100 huzaliwa hivyo na wengi hawajui. Vali hiyo inasuguliwa vibaya tangu utotoni na inaota chokaa mapema kuliko ya kawaida, hata kabla ya miaka 60. Kwa hao koronari mara nyingi zina nafuu, maana tatizo lilianzia kwenye umbo la vali. Kama baba yako alikuwa hivyo, wewe na ndugu zako mpimwe eko, kwa sababu hutembea kwenye familia.

Ya pili ni chembe iitwayo lipoproteini a. Ni binamu wa lehemu mbaya, lakini kiwango chake unarithi, chakula hakikibadilishi sana, na kipimo cha kawaida cha lehemu hakikioneshi. Mwaka 2013 wachunguzi wa vinasaba walikuta badiliko dogo kwenye jini la chembe hiyo linaongozana na chokaa ya vali ya aota, na chembe hiyohiyo inajulikana kuchochea koronari. Karibu mtu mmoja kati ya watano duniani anayo kwa wingi, na watu wenye asili ya Afrika kwa wastani tunayo nyingi kuliko Wazungu. Inatosha kupimwa mara moja maishani. Si kila maabara inaipima, uliza kwanza kabla hujaenda.

---

Tabibu_Bara

Naongeza hapo. Kama kwenye ukoo kuna aliyepata mshtuko wa moyo kabla ya 55 kwa mwanaume au 65 kwa mwanamke, kipimo hicho kina maana zaidi.

Na tafadhali wote: zile tembe za kuweka chini ya ulimi kwa kifua kubana. Zinafungua mishipa na kushusha presha. Kwa mwenye vali ya aota iliyobana sana, presha inaweza kuporomoka akazimia. Msiazimane. Nimeona jirani akimpa jirani kwa wema kabisa.

---

Ubungo_Mataa

Swali la wengi na watu wanaona haya. Sisi Waislamu, vali ya nguruwe? Na hiyo ya chuma? Mjomba aliwekewa ipi?

---

MpimaEko

Si swali la kuonea haya, daktari mzuri analitaja mwenyewe kabla hujauliza. Vali za asili ya wanyama zipo za nguruwe, na zipo zinazoshonwa kwa utando unaozunguka moyo wa ng'ombe. Mwambie daktari wa upasuaji mapema unataka ipi. Wapo masheikh wanaoruhusu ya nguruwe kwa dharura ya uhai, lakini ya ng'ombe ikiwepo mjadala wote unaisha.

Vali ya kutengenezwa, hizi za siku hizi ni za kaboni, inadumu sana. Gharama yake ni wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote na kupima INR, yaani damu inachukua muda gani kuganda, mara kwa mara. Mjomba anaishi mbali na maabara ya kuaminika, na umri wake umepita 65, akawekewa ya ng'ombe. Yangekuwa maamuzi mengine kwa kijana, maana vali ya mnyama nayo huota chokaa, na kwa kijana huiota haraka zaidi. Kwa mzee inaweza kumfikisha miaka 10 hadi 15 na zaidi. Kwa binti anayetaka kuzaa, wafarini na mimba ni mazungumzo marefu, ayafanye na daktari kabla ya upasuaji, asiyaache baadaye.

Na meno. Mjomba walimng'oa meno mawili mabovu kabla ya kufunguliwa kifua, kwa sababu bakteria wa kinywani wakifika kwenye vali mpya ni msiba. Kuanzia sasa kila akienda kung'oa jino lazima amwambie daktari wa meno ana vali ya kuwekewa, apewe antibayotiki kabla.

---

Korosho_Kavu

Ile ya kupitishia vali kwenye paja bila kupasua kifua, si bora zaidi kwa wazee?

---

Tabibu_Bara

Inaitwa TAVI. Aliyeanza ni Mfaransa Alain Cribier, mji wa Rouen, tarehe 16 Aprili 2002. Kwa wazee sana au dhaifu imebadilisha mambo mno. Lakini tazama tena habari ya koronari: TAVI inaweka vali, haipandikizi mishipa. Mishipa iliyobana ukiitaka itibiwe unaweka stenti, kijibomba cha waya kinachoushikilia mshipa uwe wazi, kwa safari yake. Watu walibishana miaka kama kuna faida. Mwaka 2024 utafiti mmoja wa Ulaya, wagonjwa 455 wa TAVI wenye koronari zilizobana sana, ulionesha waliowekewa stenti walipata vifo, mishtuko ya moyo na dharura za kuzibua mishipa kwa asilimia 26 dhidi ya 36 ya wasiowekewa, katika miaka miwili hivi. Damu kuvuja ikawa zaidi kwao, 28 dhidi ya 20. Kwa hiyo unapima mgonjwa na mgonjwa. Mzee kama huyo wa Muheza, vali na mishipa miwili vikihitajika pamoja na mwili bado una nguvu, kufungua kifua mara moja na kumaliza yote ni uamuzi mzuri. Na upasuaji wa namna hiyo unafanyika hapahapa, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete imekuwepo tangu 2015 pale Muhimbili. Watu wasiuze shamba kukimbilia India kabla ya kuuliza nyumbani.

---

MsomajiKimya

Nasoma humu miaka sita sijawahi kuandika. Leo naandika. Mama yangu ana miaka 69, presha na kisukari. Eko ya mwezi uliopita: vali ya aota ina chokaa, kasi 2.4, imebana kidogo. Tuliambiwa ni ya umri, turudi baada ya miaka mitatu. Hana dalili yoyote. Nisubiri?

---

MpimaEko

Karibu sana. Kwa vali peke yake ushauri mliopewa ni wa kawaida: iliyobana kidogo hurudiwa baada ya miaka mitatu hadi mitano, ya wastani mwaka mmoja hadi miwili, iliyobana sana kila miezi sita hadi mwaka.

Ila kabla sijasema usubiri, nifanyie jambo moja. Usimuulize mama kama anachoka. Muulize ameacha kufanya nini. Sokoni anakwenda mwenyewe? Ndoo anabeba? Ngazi? Mjomba naye hakuwa na dalili.

---

MsomajiKimya

Nimerudi. Nimemuuliza jioni hii tukiwa tunakula. Kumbe tangu kabla ya Ramadhani kaacha kwenda msikiti wa juu mlimani, anasali nyumbani. Anasema kifua kinajaa akifika nusu ya mlima, akisimama kinaachia. Hakutaka kutuambia kwa sababu tunahangaika na ada za watoto.

---

MpimaEko

Mwambie namsalimu na asijilaumu.

Sasa nisikilize vizuri. Vali yenye kasi ya 2.4 haimsimamishi mtu nusu ya mlima. Kwa hiyo vali siyo inayomsimamisha. Mama wa miaka 69 mwenye kisukari na presha, kifua kinachojaa akipanda na kuachia akisimama, na chokaa tayari kwenye vali: hapo sasa tazameni koronari. Miaka mitatu msiisubiri, hata miezi mitatu msiisubiri. Kesho asubuhi mpeleke apimwe umeme wa moyo, sukari na lehemu, na mwombe rufaa ya daktari wa moyo wiki hii. Ripoti ya eko ibebe, na umweleze daktari maneno yaleyale ya mama: nusu ya mlima, akisimama kinaachia. Usiku huu kifua kikimjaa akiwa amekaa au kisipoachia, msingoje kesho, nendeni dharura.

Kama huna usafiri wa asubuhi nitumie ujumbe wa faragha.